Una Swali Lo Lote?

Mhariri wa gazeti letu ameniomba mimi, niliyekuwa mwanafunzi wa shule hii zamani, niwaandikie ninyi mlio madarasani sasa maneno machache juu ya kazi. Nilifikiri sana niandike nini. Namna ya kuandika barua ya kuomba kazi mmekwisha fundishwa na walimu wenu, na jinsi ya kuvaa nguo safi na kuamkia watu hamhitaji kufundishwa na mtu kama mimi. Basi nimechagua jambo moja dogo ambalo mimi sikufundishwa na mtu, bali nilifundishwa na hasara. Nalo ni lile swali ambalo mwenye kazi humwuliza mwombaji mwisho wa mazungumzo, wakati amekwisha weka kalamu yake mezani: "Je, una swali lo lote?"

Wengi wetu hudhani ya kuwa swali hilo ni namna ya kuagana tu, kama mtu asemavyo "karibu tena" mlangoni. Nami nilidhani hivyo. Sikilizeni yaliyonipata.

Mwaka 2013 nilimaliza stashahada yangu ya ugavi, na mwezi wa Januari 2014 niliitwa Dar es Salaam kwenye usaili wa kazi ya kutunza bohari katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Jina la duka silitaji, maana sikuja hapa kumshitaki mtu. Nyumbani kwetu ni milimani, wilaya ya Lushoto, na mama yangu ni mkulima wa kabichi na viazi. Fedha za safari hakuwa nazo, kwa hiyo alikopa Sh. 120,000/= katika kikundi chao cha kina mama cha kuweka na kukopa. Kwa fedha hizo nilinunua shati moja jeupe na viatu, nikalipa nauli, na iliyobaki ikawa ya kula mjini. Nilipanda basi alfajiri, tukashuka zile kona za Soni mpaka Mombo, na jioni nikateremka Ubungo, maana kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi kilikuwa hakijajengwa bado. Njia nzima nilikuwa nikijisomea moyoni majibu ya maswali nitakayoulizwa. Hata mara moja sikufikiri maswali nitakayouliza mimi.

Asubuhi yake niliingia katika chumba cha usaili. Walikuwako mabwana wawili, mmoja mtu mzima mwenye miwani, na mmoja kijana kidogo. Waliniuliza habari za leja, wakaniuliza kwa nini mali iliyotangulia kuingia bohari hutangulia kutoka, wakaniuliza nitafanya nini dereva akileta mzigo pungufu usiku. Yote niliyajibu, nami niliona kuwa wameridhika. Ndipo yule mzee mwenye miwani akasema, "Vema, kijana. Una swali lo lote?"

Nataka niwaambie kweli. Kichwani mwangu yalikuwamo maswali manne, lakini mdomoni mwangu mlikuwa na adabu. Nilitaka kujua mshahara wenyewe ni kiasi gani baada ya makato. Nilitaka kujua nitapewa mkataba wa maandishi lini. Nilitaka kujua nitafanya kazi chini ya nani. Na zaidi ya yote nilitaka kujua yule aliyekuwa akitunza bohari kabla yangu yuko wapi, maana nilipokuwa nikingoja nje nilimsikia mchukuzi mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu naye tutaona atakaa mpaka lini." Lakini mimi nililelewa nisiulize wakubwa. Nikasema, "Sina swali, mzee. Nashukuru sana."

Wakafurahi. Siku ya tatu nikapigiwa simu ya kuwa kazi nimeipata, kwa mshahara wa Sh. 350,000/= kwa mwezi. Nikampigia mama, naye alipiga vigelegele hata jirani wakaja kuuliza kuna harusi gani.

Mwanzo wa Februari nikaanza kazi. Karani alinikabidhi shada la funguo na karatasi moja, akaniambia nitie sahihi. Karatasi hiyo ilisema ya kuwa nimepokea bohari pamoja na mali yote iliyomo kama ilivyoandikwa katika leja. Nilitazama ndani, nikaona mifuko ya saruji imepangwa mpaka karibu na dari, na mabati, na nondo, na makopo ya rangi. Kuhesabu kungechukua siku mbili au tatu, na karani alikuwa amesimama akinitazama, na nje magari mawili yalikuwa yanangoja kupakia. Nikatia sahihi.

Mwezi wa Mei wakaja wakaguzi. Walihesabu siku mbili, na mwisho wakasema pana upungufu wa mifuko 46 ya saruji na mabati 30. Saruji walihesabu Sh. 14,000/= kwa mfuko, na bati Sh. 17,000/=, hata deni lote likawa Sh. 1,154,000/=. Wakaniambia, "Ulipokea kwa sahihi yako, basi utalipa kwa mshahara wako." Tangu Juni walikuwa wakikata Sh. 175,000/=, yaani nusu ya mshahara, kila mwezi, muda wa miezi sita; na mwezi wa saba, ambao ulikuwa Desemba, wakakata Sh. 104,000/= zilizosalia. Deni la kikundi cha mama halikulipwa mwaka huo. Mama alilipa kidogo kidogo kwa kabichi zake.

Jioni moja katika siku hizo nilikuwa nimekaa langoni pamoja na mlinzi wa pale, mzee mmoja mpole. Aliniuliza mbona siku hizi sili mchana. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni wa nne. Hapa nimeona watunza bohari wanne katika miaka miwili, na wote wameondoka wakiwa na deni. Hukuuliza ulipokuja?" Nikamjibu, "Mzee, ningeuliza mimi, mtoto mdogo?" Akasema, "Mtoto mdogo hapewi funguo za bohari."

Maneno hayo nayakumbuka mpaka leo.

Mwisho wa Desemba, deni lilipokwisha, niliacha kazi nikarudi nyumbani. Kumbe habari ilinitangulia. Kijana mmoja wa kwetu, aliyekuwa akipakia magari mtaa ule ule, alikuwa amefika kabla yangu, naye alisema kijijini ya kuwa mimi nimefukuzwa kwa kuiba saruji. Nilipopita dukani watu walinijibu salamu wakitazama pembeni. Kukosa fedha ni shida, lakini kuitwa mwizi katika kijiji ulichozaliwa ni shida ya namna nyingine, maana fedha hutafutwa zikapatikana, na jina halitafutwi.

Usiku ule mama alinitengea chakula, akaniacha nile mpaka nikamaliza. Hakuniuliza kama niliiba. Aliniuliza swali moja tu: "Mifuko ile, mwanangu, uliihesabu ulipopewa funguo?"

Nikasema, "La, mama. Sikuihesabu."

"Na uliuliza aliyekuwako kabla yako ameondoka kwa nini?"

"Sikuuliza."

Akasema, "Basi hukuiba. Uliuziwa mbuzi kwenye gunia."

Sasa, ndugu zangu, methali hiyo wote twaijua, lakini mimi ndipo nilipoielewa. Maana nilimkumbuka mama yangu huyo huyo, siku moja nilipokuwa darasa la sita, alipokwenda nami gulio la Soni kununua mbuzi jike. Alimshika mbuzi mdomo akatazama meno yake. Akamwuliza mwenyewe: Ana umri gani? Amezaa mara ngapi? Watoto wake wako wapi? Anakula majani gani? Amepata kuugua? Tena mwisho akamwuliza swali kubwa kupita yote: "Mbuzi mzuri namna hii, mbona wamwuza?" Yule mwuzaji hakukasirika hata kidogo. Alijibu yote, kwa sababu mwenye mbuzi mzima hana haja ya kukasirika. Mama yangu hakusoma sekondari, lakini kwa mbuzi mmoja aliuliza maswali sita. Mimi mwenye stashahada nilikwenda kuiuza miaka yangu bila kuuliza hata moja.

Tazameni tena desturi yetu ya posa. Mshenga huja na maneno yake mazuri, na upande wa binti huuliza: kijana huyu ni wa ukoo gani, anafanya kazi gani, amepata kuoa kabla, na kama ameoa, yule wa kwanza yuko wapi? Hakuna mtu aonaye kuwa maswali hayo ni utovu wa adabu. Kinyume chake, wazazi wasiouliza huonekana hawampendi mtoto wao. Kazi nayo ni kama posa. Mwajiri anakuposa, na wewe unaposwa. Kila upande una haki ya kujua unaingia nyumba gani.

Nikaazimia ya kuwa nikiitwa tena nitauliza. Na mwezi wa Machi 2015 nikaitwa Dar es Salaam katika kampuni moja ya usafirishaji. Mara hii nilikuwa nimeandika maswali yangu katika daftari, na bwana mkubwa wa pale hata hajamaliza kuniuliza yake, mimi nilikwisha anza yangu. Nilianza na mshahara, nikafuata na likizo, nikauliza aliyekuwako kabla ameondoka kwa nini, nikauliza kama wana desturi ya kukata watu mishahara. Yule bwana uso ulimbadilika, akasema, "Kijana, ni mimi ninayekusaili wewe au ni wewe unayenisaili mimi?" Kazi sikuipata. Nilirudi Mbagala nilikokuwa nimefikia kwa binamu yangu, nikanywa chai kavu, nikajiambia ya kuwa kumbe kunyamaza kulikuwa bora.

Lakini usiku, nikiwa macho, niliona kosa langu. Mama gulioni hakuuliza kama askari anayemhoji mshitakiwa. Alisalimu kwanza, akamsifu mbuzi, akauliza neno moja, akangoja jibu, kisha akauliza la pili. Mimi nilimwaga maswali kama mtu amwagaye maji ya kuoshea vyombo, tena nikatanguliza tumbo langu kabla ya kazi yenyewe. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza vibaya kwaweza kuwa.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Morogoro, katika chama kimoja cha ushirika kilichotaka mtunza ghala la mbolea na mazao. Tulikuwa waombaji kumi na mmoja. Wasaili walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mtu mzima. Waliponiuliza kama nina swali, nilisema, "Ninayo matatu, mama, kama mtaniruhusu." Akasema, "Haya, sema."

Nikauliza, "La kwanza: mkiniajiri, baada ya miezi mitatu mtatazama nini ili mjue kuwa nafanya kazi vizuri?" Wakatazamana, kisha mmoja akanieleza kwa kirefu.

"La pili: nafasi hii ni mpya, au yuko mtu aliyeitumikia kabla?" Akanijibu ya kuwa aliyekuwako amestaafu, naye anakaa mjini, na angeweza kuja kunionyesha kazi.

"La tatu: makabidhiano ya ghala hufanywaje hapa? Je, mali huhesabiwa mbele ya anayetoka na anayeingia?"

Hapo yule mama akavua miwani, akasema, "Tumewaona kumi kabla yako leo, na wewe ndiwe wa kwanza kuuliza habari za makabidhiano." Kazi niliipata. Tulihesabu ghala siku nne, mimi na yule mzee aliyestaafu, na tukakuta upungufu wa mifuko 9 ya mbolea. Yule mzee mwenyewe alistaajabu, maana alikuwa mtu mwaminifu. Mifuko hiyo tisa iliandikwa katika hati ya makabidhiano, tukatia sahihi sote wawili na meneja, na ikachunguzwa, ikaonekana ilitolewa kwa hati iliyosahauliwa kuingizwa katika leja. Hakuna aliyekatwa mshahara, wala hakuna aliyeitwa mwizi. Nilitia sahihi yangu siku hiyo nikakumbuka sahihi ile nyingine, na mkono wangu ulitetemeka kidogo.

Sasa yapata miaka mingi, na mimi nami huketi mara nyingine upande wa pili wa meza, nikiwasaili vijana. Kwa hiyo nitawaambia maswali ambayo nafikiri yafaa kijana ayachukue moyoni.

Kwanza, uliza kazi yenyewe: siku ya kawaida inakwendaje, na utapimwa kwa nini? Swali hili laonyesha kuwa unakusudia kufanya kazi, na jibu lake lakuonyesha kama mwajiri mwenyewe ajua anachotaka. Akiwa hajui, wewe ndiwe utakayelaumiwa baadaye.

Pili, uliza kwa nini nafasi i wazi. Ukiambiwa aliyekuwako amepandishwa cheo au amestaafu, ni vizuri. Ukiambiwa wamepita wanne katika miaka miwili, uliza kwa upole walikutana na shida gani. Na kama kazi ni ya kutunza mali au fedha, uliza habari za makabidhiano, wala usitie sahihi kitu ambacho hukukihesabu, hata magari kumi yangoje nje.

Tatu, uliza utakuwa chini ya nani. Mtu mwenye wakubwa watatu ni kama mbuzi mwenye wachungaji watatu: kila mmoja hudhani mwenzake amempeleka kunywa maji.

Nne, uliza habari za mkataba na muda wa majaribio: utaanza lini, utakwisha lini, na baadaye itakuwaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, yaani kazi gani, mahali gani, saa ngapi, na kwa malipo gani. Kwa hiyo ukiuliza hati huombi upendeleo. Sheria hiyo yaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Tena, kwa habari ya yaliyonipata mimi, yasema ya kuwa mwajiri hawezi kumkata mtu mshahara kwa ajili ya hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokana na kosa lake mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mimi nilikatwa nusu, wala sikuelezwa cho chote kwa maandishi. Sikuijua sheria, wala sikujua kuwa iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo mfanyakazi aweza kuipelekea malalamiko yake. Ninyi mmeijua leo, mngali shuleni.

Tano, uliza malipo, lakini lisiwe neno lako la kwanza. Wakati wake mzuri ni pale wanapoonyesha kuwa wanakutaka. Uliza, "Mshahara huo ni kabla ya makato au baada yake?" kwa kuwa kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii hutoka humo. Kwa waajiriwa wa kampuni za watu, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na sehemu ikatwayo kwako haizidi asilimia 10. Ukiisha kuajiriwa, angalia mwenyewe kama michango inapelekwa kweli. Usingoje mpaka siku ya kuihitaji. Katika kazi za serikali hakuna haja ya kuuliza mshahara, maana ngazi yake huandikwa katika tangazo, na kuuliza kilichoandikwa ni kuonyesha kuwa hukusoma.

Sita, uliza kama kuna nafasi ya kujifunza zaidi. Na mwisho, uliza majibu yatatoka lini na kwa njia gani, ili usikae majuma manne ukitazama simu kama mvuvi atazamaye chambo.

Hayo ni mengi, wala usiyaulize yote. Chagua mawili au matatu, yale ambayo hayakujibiwa katika mazungumzo. Uliza moja, ngoja jibu, sikiliza. Na mara nyingine jibu halimo katika maneno. Mtu akikasirika kwa kuulizwa swali la haki kwa sauti ya adabu, hilo nalo ni jibu, tena ni jibu refu.

Kuna maneno mawili ya kuongeza kwa dada zetu hasa. Mtu akikuitia usaili nyumba ya wageni au usiku, usiende. Na akitaka mwili wako ili akupe kazi, hiyo ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Waweza kupiga simu TAKUKURU kwa namba 113. Tena wengine huuliza, "Utaolewa lini? Utazaa lini?" Sheria ile ya mwaka 2004 yakataza kumbagua mtu kwa ajili ya ndoa au mimba, hata kama bado ni mwombaji tu. Waweza kujibu kwa utulivu, "Naomba tuzungumze habari za kazi."

Najua yuko kijana atakayesema moyoni, "Huyu asema hivyo kwa kuwa ana kazi. Mimi sina, na njaa haiulizi maswali." Ni kweli, na mimi sitamcheka. Njaa niliijua. Wako watu watakaouliza vizuri kwa adabu zote, na kazi wasipewe. Na wako watakaopata jibu baya, na kazi waichukue hivyo hivyo, kwa kuwa nyumbani wanangojwa. Simlaumu mtu huyo. Lakini kuingia mahali pabaya ukijua ni pabaya si sawa na kuingia gizani. Mimi kama ningaliambiwa kuwa wamepita watatu, labda kazi ningaliipokea pia, maana mama alikuwa na deni. Lakini mifuko ile ningaliihesabu.

Kwa walimu na wazazi wetu nina ombi moja, nalo nalitoa kwa heshima. Adabu mliyotufundisha ni njema, na dunia ingekuwa pabaya pasipo adabu. Lakini mtoto asiyepata kuuliza nyumbani, wala darasani, hawezi kuanza kuuliza siku ile anapovaa shati jeupe mbele ya watu asiowajua. Mwacheni aulize angali kwenu, hapo ambapo swali baya lagharimu kicheko tu. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nilijifunza bila kuuliza, lakini karo yake ilikuwa Sh. 1,154,000/=.

Labda mtataka kujua habari za jina langu kijijini. Baada ya mimi kuondoka, yule mtunza bohari wa tano naye alikutwa na upungufu, na yule kijana wa kwetu aliyapata habari hayo pale pale mtaani. Hakurudi kijijini kuyaeleza. Neno la kwanza lilipanda mlima lenyewe, na la pili halikupata nauli. Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa akisema kila mahali, kisimani na gulioni, "Mwanangu hakuiba. Hakuuliza tu." Watu wengine waliamini na wengine hawakuamini. Deni la kikundi nimelilipa, na mbuzi nimemnunulia, naye siku ya kumnunua aliuliza maswali yale yale sita, mimi nimesimama kando nikisikiliza.

Basi siku yenu itafika. Mtaketi, mtajibu, na mtu ataweka kalamu mezani aseme, "Una swali lo lote?" Siku hiyo msikimbilie kusema "Sina." Vuteni pumzi, mkumbuke mbuzi wa Soni, kisha mwulize.

Nawatakia ninyi nyote masomo mema, na mitihani yenye heri.